Snaga Si Jina

Sarehole

Zimwi la kwanza katika maisha ya J.R.R. Tolkien lilikuwa kijana wa kinuni. Alikuwa mwana wa mwenye kinu, na kutwa nzima alishinda mweupe kwa vumbi, kuanzia nyusi hadi viatu. Tolkien na mdogo wake Hilary walizoea kujipenyeza uani kuchungulia gurudumu la maji likizunguka. Kijana akitoka kuwakaripia, wao mguu niponye. Wakampa jina Zimwi Jeupe. Kulikuwa pia na mkulima mzee aliyemkimbiza Tolkien kwa kuchuma uyoga shambani mwake. Huyo wakamwita Zimwi Jeusi.

Nilisimama katika ua huo asubuhi moja ya Oktoba, mpwa wangu kando yangu, kila mmoja akiwa ameingiza mikono mifukoni kwa baridi. Kinu cha Sarehole bado kipo, kusini ya mji wa Birmingham: jengo la matofali mekundu la karne ya 18, bomba refu la moshi, na nyuma yake bwawa lenye bata na majani ya njano yanayoelea. Mama yake Tolkien alihamia hapa na watoto wake wawili mwaka 1896, mwaka uleule mumewe alipofariki huko Bloemfontein, Afrika Kusini, mji alikozaliwa mwandishi huyu mwaka 1892. Siku hizo nafaka ilikuwa imepungua kinuni. Kazi kubwa ilikuwa kusaga mifupa iwe mbolea.

Mifupa! Hapo nilimkumbuka bibi yangu, kibarazani kwetu Bagamoyo. Akisema "Paukwa", tukiitika "Pakawa", na haukupita muda kabla zimwi halijaingia hadithini na kuanza kusaga mifupa ya watu kwa meno. Lakini mazimwi ya bibi hayakuwa na jamii. Zimwi liliishi peke yake porini, likawa na njaa, likameza kijiji kizima, mwisho likapasuliwa tumbo na watu wakatoka wazima. Halikuwa na mkubwa wala mdogo wake, na hakuna aliyelipangia zamu.

Maorki wa Tolkien ni mazimwi wa namna nyingine. Wana vyeo, wana wanyapara wenye mijeledi, wana zamu za ulinzi, wana namba. Nilikisoma The Lord of the Rings nikiwa sekondari, kitabu cha kuazima kisicho na jalada, na kilichonikaa moyoni si mapanga wala ile pete. Ni maongezi ya maorki wawili usiku, mpakani mwa Mordor, nchi ya adui mkuu, wakiwalalamikia wakubwa wao. Maongezi hayo nilishayasikia kabla ya kuyasoma: kwa makuli bandarini, kwa walinzi wa usiku, kwa vibarua wanaosubiri malipo ya Jumamosi. Ndiyo sababu nilisafiri. Nilitaka kuiona nchi iliyowazaa maorki, kisha niwaonyeshe wengine jinsi jamii yao ilivyopangwa, kutoka juu mpaka chini, na hasa huko chini.

Mwendo mfupi kutoka kinuni ndipo penye Moseley Bog, kinamasi chenye miti iliyoinama juu ya maji meusi, mizizi yake imejitokeza kama vidole vya mzee. Tolkien alicheza humo utotoni. Tulitembea humo saa nzima bila kusema mengi.

"Mjomba," alisema mpwa wangu tulipotoka, "kinamasi umekiona. Maorki bado."

Sparkbrook

Jioni tulikula Ladypool Road, katika mitaa ambamo wapishi Wapakistani na Wakashmiri walianzisha balti miaka ya 1970. Nyama huungwa upesi juu ya moto mkali, na huletwa mezani ikiwa bado inachemka ndani ya chombo kilekile ilimopikiwa, cha bati jembamba lenye vishikio viwili. Ni ndugu wa karai letu, hata jina: wao husema karahi. Mkate wa naan ulikuja mkubwa kama ungo, tukaumega sote wawili kwa mkono wa kulia. Mtu wa pwani hafundishwi kula chakula hiki.

Juu ya karatasi ya kufutia mikono nilimchorea mpwa wangu ngazi ya Mordor. Kileleni yuko Sauron, asiyeruhusu hata jina lake litajwe. Chini yake wako Nazgûl tisa, ambao zamani walikuwa wanadamu wenye fahari, wengine wafalme. Chini ya hao wanafuata makapteni wa maorki wenyewe, kama Shagrat aliyeshika mnara wa Cirith Ungol na Gorbag wa Minas Morgul. Kisha Uruk, askari warefu wenye nguvu na majivuno mengi. Halafu wale wadogo: wachimbaji, wapagazi, wanusaji wa nyayo. Hao Uruk huwaita snaga, na maana yake ni mtumwa.

Kuna maorki wawili kitabuni wanaoitwa Snaga kana kwamba ndilo jina walilopewa na mama zao. Mmoja wao anapanda ngazi ya mnara, anakutana na upanga wa Sam, mmoja wa hobiti, wale watu wafupi wa hadithi hiyo, anatumbukia kwenye tundu la sakafu na kuvunjika shingo. Tolkien mwenyewe anaeleza mwishoni mwa kitabu neno hilo lina maana gani. Kwa hiyo hatukupata kujua aliitwa nani.

Hapa Kiswahili kilinisaidia kuliko maelezo ya wataalamu. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalikuwa na msimamizi, na chini yake nokoa, na chini ya nokoa kadamu, na aghalabu nokoa na kadamu walikuwa wenyewe watumwa. Walimchapa mwenzao kwa niaba ya bwana, na kesho bwana aliweza kuwachapa wao. Na tunalo neno mjoli: mtumwa mwenzako, wa bwana mmoja na wewe. Shagrat na Gorbag ni wajoli. Usiku ule mpakani wanaota kwamba vita vikiisha watatoroka na vijana wachache wa kuaminika, wakatafute mahali penye ngawira za kutosha pasipo na wakubwa. Ni ndoto ya mtoro yeyote. Muda si mrefu wanagombania fulana ya pete za fedha waliyomvua mateka, vikosi vyao vinachinjana ngazini, na Shagrat anamuua Gorbag. Ngazi ile imejengwa hivyo. Walio chini wanapatiwa kitu kidogo cha kugombania, ili wasipate nafasi ya kutazama juu.

Bibi yangu alijua jambo hili kwa njia yake. Baba yake alichukuliwa kubeba mizigo wakati wa vita vya Mjerumani, hakurudi. Aliyekuja kumchukua, alisema bibi, alikuwa mtu wa mtaa wa pili.

Dudley

Magharibi ya Birmingham kuna eneo liitwalo Black Country, maana yake Nchi Nyeusi. Mordor nayo, katika lugha ya Elfu (elves kwa Kiingereza) aliyoibuni Tolkien, maana yake ni hiyohiyo, na wenyeji wa Dudley na vitongoji vyake hupenda kumwambia mgeni kwamba Mordor ni kwao. Sikuwabishia. Chini ya miguu yao palikuwa na tabaka la makaa ya mawe lenye unene wa mita 9 hivi, na juu yake karne ya 19 iliwasha matanuri ya chuma usiku na mchana. Leo mbingu ni safi, vilima ni vya kijani, na mifereji iliyobeba makaa inabeba mashua za wastaafu.

Moto wenyewe nilikwenda kuutafuta katika makumbusho ya Black Country Living Museum, ambako nyumba na maduka ya zamani yamehamishwa tofali kwa tofali hadi kikawa kijiji kizima. Katika kibanda cha mhunzi kulikuwa na mzee mwenye aproni ya ngozi. Alichoma ncha ya nondo hadi ikang'aa nyeupe, akaikata, akaipinda, akaipitisha ndani ya pete iliyotangulia, akaifumba kwa nyundo. Cheche ziliruka mpaka miguuni petu. Akanipa ule mnyororo niushike ulipopoa. Katika makumbusho ya misheni kule kwetu Bagamoyo imo minyororo ya watumwa, na mkono wangu ulitambua uzito kabla akili haijasema kitu.

Katika Nchi Nyeusi hii ndiko ilikofuliwa nanga kubwa ya meli ya Titanic mwaka 1911, huko Netherton, karibu tani 16. Farasi 20 waliivuta hadi stesheni ya Dudley. Picha ya farasi hao inapendwa sana. Mimi nilivutwa na jengo jingine mle makumbushoni, la matofali, lenye ukumbi wa mikutano. Lilijengwa Cradley Heath mwaka 1912 kwa fedha zilizobaki katika mfuko wa mgomo. Mgomo ulikuwa wa wanawake. Walifua minyororo midogo katika vibanda vya uani, watoto wao wamelazwa humohumo karibu na mvukuto, kwa ujira usiotosha mkate. Mwaka 1909 sheria ilipitishwa ya kuwawekea kima cha chini, kikapangwa kuwa peni mbili na nusu kwa saa, na waajiri wengi wakakwepa kulipa. Mwaka 1910, wakiongozwa na Mary Macarthur, wanawake hao waliweka nyundo chini kwa wiki kumi. Walishinda.

Nilikaa kwenye benchi la ukumbi ule nikiwaza wanawake wa maorki. Katika kurasa zote za The Lord of the Rings haonekani hata mmoja. Tolkien aliulizwa, na katika barua ya mwaka 1963 akakubali kwamba hapana budi walikuwepo. Basi walikuwa wapi? Nani alifua yale mapanga na kushona yale mabuti ambayo majeshi ya Mordor yalivaa kwa maelfu? Mwandishi alikulia si mbali na Cradley Heath na alikuwa na miaka kumi na minane mwaka wa mgomo. Ulimwengu wake aliujaza masizi, nyundo na moshi, akaacha nje wanawake walioshika nyundo. Hilo namlaumu nalo, nikiwa nampenda.

Tulikula samaki na chipsi zilizokaangwa kwa mafuta ya ng'ombe kama zamani, tukiwa tumesimama barabarani, siki ikitutiririka vidoleni.

Nottingham

Mji wa Nottingham umekaa juu ya mwamba laini wa mchanga, na chini ya maduka na baa zake kuna mapango zaidi ya 800 yaliyochongwa na watu kwa karne nyingi. Waliishi humo, walitengeneza ngozi humo, walijificha humo mabomu ya Mjerumani yalipoanguka. Mwanamke aliyetuuzia chai alimwita mpwa wangu bata. Nilidhani nimesikia vibaya, lakini ndivyo wanavyomwita mgeni wanapotaka ajisikie yuko nyumbani, na akatuongezea maziwa bila kuombwa.

Mpwa wangu ndiye aliyetaka tuje. Mtaa wa Lenton una makao makuu ya Games Workshop, kampuni iliyotoa mchezo wa vita wa Warhammer mwaka 1983, na mwaka 1987 ule wa Warhammer 40,000, ambamo maorki wamepanda vyombo na kuzagaa angani. Ndani ya Warhammer World mna kumbi zenye mandhari za vita zilizoundwa kwa vinyago vya urefu wa kidole, maelfu kwa maelfu, kila kimoja kimepakwa rangi kwa mkono. Watu wazima walikuwa wameinama juu ya vioo kimya kimya, kama walio msikitini kabla ya adhana.

Humu nilifundishwa mimi. "Hawa hawazaliwi, Mjomba. Wanaota." Maorki wa hapa ni wa kijani, jamaa ya uyoga, mbegu zao hupeperuka, huingia ardhini, huchipuka. Kwa hiyo hakuna ukoo, hakuna urithi, hakuna mwana wa fulani. Cheo ni mwili. Orki akipigana na kushinda hukua, akikua hutii wachache zaidi, na aliye mkubwa kuliko wote ndiye Warboss. Chini yake ni Nobz, kisha umati wa Boyz. Mafundi wa mitambo na waganga wa kukata viungo wana heshima yao pembeni, kwa kuwa ujuzi wao umo damuni na haufundishwi. Fedha yao ni meno. Meno ya orki hung'oka na kuota upya, tena yakiwekwa huoza, kwa hiyo hakuna awezaye kulimbikiza mali vizazi na vizazi. Ni kundi moja tu la kivita, Bad Moons, ambao meno yao huota haraka zaidi, na ndio matajiri.

Nikasema hiyo ni haki ya aina yake, kali lakini ya wazi. Mpwa wangu akanivuta hadi kwenye kioo kingine. "Hujawaona hawa."

Walikuwa gretchin. Wembamba, masikio makubwa, pua ndefu, macho ya hofu. Wao ndio wanaobeba risasi, wanaosukuma mizinga, wanaopika, wanaotangulizwa mbele ili mabomu ya ardhini yaripuke chini yao. Orki mdogo aweza kuwa mkubwa. Gretchin atabaki gretchin hata apigane vipi. Chini yao wako wengine tena, snotling, wadogo zaidi. Jamii isiyo na ukoo wala urithi, na bado pamepatikana mtu wa kuzaliwa chini! Nilitazama sana kioo kile. Waliobuni ulimwengu huu ni Waingereza, na mazungumzo ya maorki wao wameyaandika kwa matamshi ya mitaa ya makabwela wa London na viwanja vya mpira. Katika filamu za Peter Jackson maorki wa Tolkien nao wanasikika hivyo. Nchini Uingereza mtu akifungua kinywa tu, mwenzake hujua baba yake alifanya kazi gani. Zimwi akihitaji sauti, hupewa ya mchukuzi.

Lakini wabunifu haohao walifanya jambo ambalo Tolkien hakulifanya. Katika mchezo uitwao Gorkamorka, wa miaka ya 1990, gretchin waliwaasi maorki, wakaunda kamati yao ya mapinduzi chini ya kiongozi aitwaye Red Gobbo. Mpwa wangu alinisimulia hayo kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za ukoo wake. Na treni ilipoondoka alinisimulia za Thrall, orki wa michezo ya kompyuta ya Warcraft, aliyelelewa na binadamu ili apiganishwe mbele ya watazamaji. Jina lake ni neno la kale la Kiingereza lenye maana ya mtumwa. Katika Warcraft III ya mwaka 2002 anawaongoza maorki kuvuka bahari kutafuta nchi yao. Humo hakubadilisha jina. Alilibeba mpaka likawa jina la mkuu.

Alikuwa amenunua gretchin mmoja aliyebeba kasha la risasi. Usiku, katika chumba cha kupanga, alimpaka rangi kwa brashi yenye nywele tatu, akanipa.

"Anaitwa nani?"

"Hana jina, Mjomba. Huyu ni wa kubeba risasi tu."

Oxford

Oxford tulikaa siku moja, na mvua ilinyesha siku hiyo yote. Minara ni mizuri kuliko nilivyotegemea. Tulisimama mbele ya nyumba nambari 20 ya Northmoor Road, kubwa, ya kawaida, yenye kibao cha buluu ukutani. Tolkien aliishi humo kuanzia 1930 hadi 1947, na humo ndimo alimoandika The Hobbit na sehemu kubwa ya The Lord of the Rings.

Alikuwa bingwa wa lugha, na maorki wake walianza na neno: orc lilimo katika Kiingereza cha kale, na utenzi wa Beowulf unalo katika jina la viumbe waovu wa kizazi cha Kaini. Sauron, anasema Tolkien, alitunga lugha moja akitaka watumishi wake wote waiseme, akashindwa. Kila kabila la maorki lilikuwa na lahaja yake, wasisikilizane, hata ikawabidi kuazima lugha ya pamoja ya wanadamu. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaifahamu hali hiyo. Katika misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, Mnyamwezi, Mzaramo na Mmanyema walielewana kwa lugha ya soko, mzigo kichwani.

Jambo lililomsumbua mzee huyu hadi kifo chake mwaka 1973 ni asili ya maorki. Alikuwa Mkatoliki wa dhati, na aliamini kwamba uovu hauwezi kuumba, unaweza kuharibu tu kilichoumbwa. Basi maorki walitoka kwa nani? Aliandika kwamba walikuwa Elfu walioteswa. Akasitasita, akaandika kuwa walikuwa wanadamu. Mara nyingine akajaribu kusema ni wanyama waliofunzwa kuongea. Kama ni Elfu au watu, wana roho, na kama wana roho, haiwezekani kuwachinja kama panzi. Hakulimaliza swali hilo. Ninamheshimu kwa kutolimaliza.

Mwaka 1944 alimwandikia mwanawe Christopher, aliyekuwa Afrika Kusini akijifunza urubani, kwamba katika vita vya kweli maorki wako pande zote mbili. Nimeipenda barua hiyo tangu nilipoijua. Kuna nyingine, ya mwaka 1958, inayoeleza sura ya orki kwa kumfananisha na Wamongolia, tena wale ambao kwa macho ya Mzungu ni wabaya zaidi wa sura. Hiyo iliniuma nilipoisoma, na inaniuma bado. Mtu aliyetambua kwamba uorki ni hali ya moyo aliutafutia pia pua na rangi. Nchi yake ilikuwa imeshazoea kufanya hivyo kwa watu wa kweli, sisi tukiwemo.

Mpwa wangu, aliyezoea kutazamwa madukani, aliisikiliza habari ile bila kushangaa. Alisema tu mvua imepungua, twende kaburini kabla hapajafungwa. Tulikwenda Wolvercote. Ni jiwe la kijivu, yeye na mkewe Edith pamoja, na chini ya majina yao ya kweli yamechongwa majina mengine mawili ya hadithini, Beren na Lúthien.

Thiepval

Siku ya sita tulikuwa Ufaransa, Picardie, nchi ya vilima vya chini na udongo wa rangi ya chai. Ilikuwa mavuno ya viazisukari, marundo yamelazwa kando ya barabara. Wakulima wa huku hulima chuma pia: kila mwaka plau hufukua makombora na mabomu ya 1916, nao huyaweka ukingoni mwa shamba yachukuliwe. Katika mgahawa wa kijijini tulikula flamiche, mkate wa kuoka uliojazwa liki na malai, chakula cha moto kinachokaa tumboni.

Tolkien alifika hapa Juni 1916, afisa wa mawasiliano katika kikosi cha 11 cha Lancashire Fusiliers. Oktoba kikosi chake kilishambulia handaki lililoitwa Regina. Mwishoni mwa mwezi huo alipatwa na homa iliyoletwa na chawa, akarudishwa Uingereza, akalazwa hospitalini Birmingham. Rafiki zake wawili wa tangu shule walikufa mwaka huo. Baadaye alisema mabwawa ya kitabu chake, yenye nyuso za maiti chini ya maji, yanadaiwa kitu na nchi hii. Nami nadhani maorki pia wanadaiwa. Ile amri ya kupanga mstari, mnyapara mwenye mjeledi nyuma, wawili wanaotukanana njiani, mmoja akitishia kumshtaki mwenzake kwa jina na namba. Hayo hayakuvumbuliwa na mtu aliyekaa maktaba tu. Lakini wanajeshi wa kawaida na watumishi wa maafisa aliowaona mahandakini alisema waliingia kitabuni kwa umbo la Sam, mtunza bustani mwaminifu. Watu wa chini wenye upole wakawa hobiti. Watu wa chini wenye hasira aliwapeleka Mordor.

Na vita vya kitabuni vilipokwisha, mfalme mpya aliwaacha huru watumwa wa Mordor, akawapa mashamba ya kando ya ziwa Núrnen yawe mali yao. Orki hakutajwa katika mgao huo.

Mnara wa kumbukumbu wa Thiepval ulizinduliwa mwaka 1932. Ni matao ya matofali yaliyopandiana, zaidi ya mita 40 kwenda juu, na nguzo zake za chini zimefunikwa majina: zaidi ya 72,000, wanajeshi wa Uingereza na Afrika Kusini waliofia bonde hili la Somme wasipatikane kuzikwa. Yamepangwa kwa vikosi na kwa vyeo, maafisa wakitangulia, lakini herufi zote zina ukubwa mmoja. Tuliwatafuta Lancashire Fusiliers. Orodha ilishuka, kapteni wachache, masajini, kisha askari wa kawaida safu baada ya safu, mpaka ikabidi kuchuchumaa.

Katika The Lord of the Rings kuna mahali Sam anaona maiti ya adui, mtu wa Harad, nchi ya kusini yenye watu weusi kidogo. Anajiuliza jina lake ni nani na katoka wapi. Kwa orki hakuna anayejiuliza.

Mpwa wangu alikuwa amechuchumaa bado, kidole kikiwa kwenye jiwe. "Mjomba, yule baba yake bibi aliyebebeshwa mizigo. Ukuta wao uko wapi?"

Nilimweleza kuhusu Kariakoo: jina la soko letu la Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza cha vita hivyohivyo, kambi yao ilikuwa pale. Nikamweleza kuhusu sanamu ya askari iliyowekwa mjini mwaka 1927, ameshika bunduki akielekea bandarini. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi kwa jumla. Jina hakuna hata moja. Wengi wao walizikwa njiani walipoangukia, pasipo jiwe.

"Kwani aliitwa nani?"

Nilitambua kwamba hakuwahi kuambiwa. Upepo ulikuwa unavuma ndani ya matao, ikabidi niinue sauti. Nilimtajia jina lake, na la baba yake, na la kijiji alikochukuliwa. Akanirudishia amekosea la katikati. Nikalitaja tena, polepole, naye akalirudia, mpaka akalishika.